Kitunguu cha Tanzania na kitunguu chetu: bei ninavyoiona kutoka mezani kwangu Kongowea

BintiKongowea

Assalam aleikum, na hamjambo wote msomao.

Kila mvua zikianza nasikia swali moja: mbona kitunguu kimepanda? Zikiisha, wakulima wetu wanakuja na la kwao: mbona Tanzania wanatumwagia vitunguu? Mimi nauza kwa jumla hapa soko la Kongowea, Mombasa, meza niliyoachiwa na marehemu mama. Nimeona uzi mwingi juu ya jambo hili, na karibu wote unaanza na mpaka: ufungwe, usifungwe. Nataka nianze na gunia, kwa sababu bei mimi huikuta humo.

Mezani pangu pana vitu vitatu, na kila kimoja kina bwana wake anayeamua bei.

Cha kwanza ni tungule, yaani nyanya. Hii ni yetu, inatoka Taveta, Kimana kule Kajiado, na nyingine Taita. Tungule haina subira. Ikishaiva umeiva nayo, kesho kutwa ni maji kwenye kreti. Kwa hiyo bei yake ni mvua tu. Masika ikikolea, majani yanapigwa na baka jeusi, lori linakwama, na aliyebahatika kuvuna anauza anavyotaka. Kiangazi kikiingia wote wanavuna pamoja, na kreti ile ile inabembelezewa mnunuzi. Tangu 2014 ameongezeka yule nondo, Tuta absoluta, ambaye kiwavi wake hutoboa tunda ndani kwa ndani. Mkulima ananyunyiza dawa mara nyingi zaidi, na gharama hiyo haishuki hata tungule zikiwa tele.

Cha pili ni thomu, yaani kitunguu saumu. Ile nyeupe, kubwa, iliyokatwa mizizi ikang'aa, inatoka China, ambayo hutoa kama robo tatu ya thomu yote duniani. Mvua ya Kimana haiihusu. Bwana wake ni dola. Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160, na kabla ya Machi kuisha ilikuwa imerudi kwenye 130 hivi. Wateja walinijia juu: dola imeshuka, mbona thomu haijashuka? Haikushuka kwa sababu iliyokuwa ghalani ilinunuliwa kwa dola ya ghali. Ilibidi ile imalizike kwanza, mzigo mpya uingie bandarini. Thomu ya kienyeji, ile ndogo yenye wekundu, wapishi wa pilau wanaipenda kwa ukali wake, lakini kuimenya ni kazi ya mchana kutwa, na mwenye hoteli hana mchana wa kutwa.

Cha tatu ndicho kilichonileta hapa. Kitunguu maji.

Cha Tanzania kinaingia kwetu kwa mpaka wa Holili na Taveta, na cha Nairobi zaidi kwa Namanga. Kinatoka Mang'ola, kule Karatu kando ya Ziwa Eyasi, na Ruaha Mbuyuni na Ilula upande wa Iringa, na Singida. Cha kwetu kinatoka Kimana na Oloitokitok, Kieni kule Nyeri, Meru, Bungoma. Kikiwa na cheti cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, cha kuonyesha kimelimwa humu, cha Tanzania hakilipi ushuru wa forodha. Watu wakishafika hapo wanasema, basi ndiyo maana kinatushinda. Hapo ndipo tunapoachana.

Rudini mwishoni mwa 2023. Kilo rejareja ilivuka shilingi 200, na mama mboga wa mtaani kwetu alikuwa akikata kitunguu kimoja vipande viwili ili auze nusu. Mambo yalirundikana. Septemba petroli ilikuwa imevuka 200 kwa lita, na mkulima anayevuta maji kwa pampu aliisikia kabla yetu sisi wa sokoni. Kisha Oktoba hadi Desemba zikaja mvua za El Niño. Kitunguu huvunwa kikaanikwa. Mvua ikinyesha hakianikiki. Kilichokuwa ghalani kikaanza kuota, kilichokuwa shambani kikaozea ardhini, pande zote mbili za mpaka. Cha Tanzania hakikuwepo cha kutosha kutushushia bei. Aliyekuwa akilalamika kwamba kinamwagwa, mwaka ule alikuwa akikitafuta kwa tochi.

Halafu 2024 bei ikalegea, na watu wakasema ni mavuno. Mavuno yalikuwepo, lakini kuna jambo ambalo nililiona kwenye daftari langu kabla sijalielewa. Mwanzo wa mwaka shilingi yetu moja ilikuwa ikipata kama shilingi 16 za Tanzania. Kufika katikati ya mwaka ilikuwa ikipata kama 20. Chukua gunia la shilingi 200,000 za kwao: kwanza lilikuwa 12,500 zetu, kisha likawa 10,000. Gunia ni lile lile, shamba lile lile, na mkulima wa kule hakupunguza hata senti moja. Mkulima wa Kimana yeye alilala akaamka akakuta mshindani wake ameshuka kwa 2,500 bila kufanya lolote. Hilo lilimuumiza kweli, na sijaona mtu akilizungumza.

Sasa nije kwenye gunia lenyewe.

Lori likifika saa tisa usiku, kabla sijauliza bei nalegeza kamba, natia mkono mpaka kiwiko. Nasikiliza kwanza. Kitunguu kikavu kina sauti, maganda yanachakarika kama majani makavu. Kibichi hakisemi kitu. Kisha naskia joto. Gunia lenye ubichi lina joto katikati, hata usiku wa baridi. Ukitoa mkono una unyevu na harufu ya uchachu. Halafu natoa vitunguu vitano kutoka chini, si juu, nabonyeza shingo kwa kidole gumba. Shingo ikiwa imefunga, kavu, nyembamba kama kamba, hicho nitakaa nacho mwezi na zaidi. Ikibonyea, nina siku chache tu.

Mwaka jana nilinunua gunia moja la kwetu, kilo 100 kwenye mizani, zuri kwa macho, vitunguu vikubwa vyekundu. Nilikuwa nimelipata kwa bei ya chini kuliko la Mang'ola lililokuwa pembeni yake. Baada ya wiki moja nilichambua nikapima tena: kilo 81 za kuuzika. Zingine zilikuwa zimelainika shingoni au zimechipua, na uzito mwingine ulikuwa maji yaliyokwenda na upepo. La Mang'ola lilipungua kilo 4. Pigeni hesabu wenyewe lipi lilikuwa rahisi.

Hiyo ndiyo sababu mimi na wenzangu wengi hapa tunalipa zaidi kwa kitunguu cha Tanzania, na bado tunaona tumepata. Tunanunua siku za kukaa nacho. Cha kwetu kinashushwa bei kwa sababu kila muuzaji anaikata ile hasara yake mapema, kabla haijatokea. Na sikubali kwamba ardhi yetu haiwezi. Nimewahi kuletewa kitunguu cha Oloitokitok kilichoanikwa vizuri, nikakiuza bei moja na cha Mang'ola, na hakuna mteja aliyejua tofauti.

Mkulima_Kimana

Dada, heshima zako. Nimesoma yote na gunia la kilo 81 naliamini, mimi mwenyewe nimeuza magunia ya hivyo. Lakini ngoja nikueleze limefikaje hivyo.

Nalima ekari moja na nusu. Maji navuta kwa pampu. Mwenzangu wa Mang'ola, nimefika kwake, maji yanashuka kwa mfereji kutoka kwenye chemchemi mpaka shambani. Analipa zamu, halipi petroli. Kwa hiyo tayari tumeanza mbio yeye akiwa mbele.

Mbolea, ni kweli tuliipata ya ruzuku, mfuko wa kilo 50 kwa 3,500 mwaka 2022 na 2,500 uliofuata, na ilisaidia. Lakini dawa ya ukungu na mbegu chotara hazina ruzuku.

Sasa siku ya kuvuna. Majani hayajalala vizuri. Najua natakiwa kusubiri. Dalali anapiga simu: Nairobi bei iko juu, lori linapita kesho, lingine sijui lini. Na nina deni la dawa dukani, na mtoto ametumwa nyumbani karo. Ungekuwa wewe ungesubiri? Nang'oa. Nakata majani siku hiyo hiyo, najaza, napakia. Wewe unatia mkono kwenye gunia unasikia joto. Joto lile ni karo, dada yangu.

Msimu mmoja nilisubiri kama mlivyotufundisha. Nikaanika wiki mbili. Bei niliyoambiwa siku ya kwanza ikawa imeanguka karibu nusu, kwa sababu malori ya Namanga yalikuwa yamefuatana. Tangu hapo sikujaribu tena.

BintiKongowea

Kaka, umenijibu na nimekaa kimya kidogo kabla ya kuandika. Hilo la karo sina la kulipinga, na nilikosea kuandika kama kwamba ni uzembe. Samahani.

Lakini nisaidie jambo moja. Ule msimu uliosubiri, wiki mbili zilikwisha ukauza papo hapo, sivyo? Uliuza malori yalipokuwa yamejaa. Kitunguu kilichokauka vizuri hakikuwa na haja ya kuondoka siku ile. Faida ya kukianika si kwamba bei ya wiki ya tatu itakuwa nzuri. Ni kwamba unaweza kuiruka wiki ya tatu, ya nne na ya tano. Kinachovunwa kiangazi kwa wingi, Julai mpaka Oktoba, ndicho kinachotafutwa mvua za vuli zikishika. Aliyenacho Novemba mwishoni hapigiwi simu na dalali, yeye ndiye anayepiga.

Najua utaniambia, nakula nini mpaka Novemba. Ndiyo maana sisemi mavuno yote.

Eyasi_Bondeni

Salaam wakuu. Mimi ni wa huku Mang'ola, kwa hiyo naomba nami nichangie, maana tunasemwa kama vile tunaogelea kwenye hela.

Dada wa Kongowea amesema ukweli kuhusu kuanika. Huku maji tunayafunga kama wiki mbili kabla ya kung'oa, tunaacha majani yalale yenyewe, na mbolea ya chumvichumvi hatuweki mwishoni. Ukiweka naitrojeni kitunguu kikiwa kimeshajaa, shingo inanenepa, hata ukianika mwezi haifungi. Ndugu yangu wa Kimana, angalia hapo, inawezekana tatizo linaanza kabla ya dalali kupiga simu.

Ila kuhusu bei: gunia analoliona dada lina kilo 100 kwa sababu limepimwa huko. Huku shambani bado tunasumbuliwa na lumbesa. Sheria ya vipimo inasema mwisho kilo 100. Mnunuzi anakuja na gunia lake, anaongeza kofia ya neti juu, anashona, linakuwa kilo 130 na zaidi, analipa kama gunia moja. Ukikataa, anasogea kwa jirani. Kwa hiyo zile kilo 30 mimi nimezitoa bure. Mkisema kitunguu cha Tanzania ni rahisi, sehemu ya urahisi huo imetoka mgongoni mwangu.

Na kuna jipya. Zamani wanunuzi wa Kenya walikuwa wanaingia mpaka shambani, wanakaa siku tatu, nne, wanashindana na madalali wetu. Julai 2025 serikali yetu ikatoa amri ya biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya, na kununua mazao shambani imo. Nia ilikuwa kumlinda Mtanzania. Mimi kama mkulima nimebaki na mnunuzi wa aina moja badala ya wawili. Sijui wenzangu wanaonaje, mimi mkono wa bei umenilegea.

BintiKongowea

Asante sana ndugu yangu wa Mang'ola. Hilo la kilo 130 linanitia uchungu kwa sababu nalijua kutoka upande wa pili: nami nikinunua lori nalipia kilo, wala sijapata kuuziwa kwa gunia la kofia. Mahali fulani katikati ya shamba lako na meza yangu kuna mtu anayenunua kwa gunia na kuuza kwa kilo.

Na kuhusu amri ya Julai, hata hapa tumeiona. Mwenzetu aliyekuwa akipanda basi mpaka Karatu sasa anatafuta wakala wa upande ule. Ni mkono mmoja umeongezeka, na kila mkono unakula.

Marikiti_Asubuhi

Mimi niko Nairobi, soko la Wakulima. Naheshimu yote mliyosema lakini naona mnazunguka. Serikali ifunge mpaka kwa vitunguu miezi ambayo wakulima wetu wanavuna, ifungue miezi ya mvua. Basi. India walifanya hivyo na wao wana akili.

AbuSalim_Muscat

Nimeona India imetajwa, nikaona niandike kwa sababu sisi huku Oman tuliila hiyo.

Huku kitunguu cha kila siku ni cha India. Agosti 2023 India wakaweka ushuru wa 40% kwa kitunguu wanachouza nje ya nchi yao. Tukasema sawa. Tarehe 8 Desemba 2023 wakapiga marufuku kabisa. Sokoni Mawaleh, kabla soko halijahamishwa kwenda Khazaen, ulikuwa ukitafuta gunia la India huoni. Kulikuwa na cha Pakistan, cha Misri, cha Yemen, na kila kimoja na bei yake ya juu. Mke wangu mchuzi wa pweza alikuwa akiupika kwa nusu kitunguu.

Lakini ndugu wa Marikiti, angalia India walizuia kitu gani. Walizuia kisitoke, ili walaji wa mijini kwao wapate rahisi, na uchaguzi ulikuwa karibu. Walioumia ni wakulima wao. Kule Nashik, kwenye soko la Lasalgaon, wakulima waligoma kwa sababu bei iliwaangukia. Wakafungua tarehe 4 Mei 2024, lakini kwa sharti kisiuzwe chini ya dola 550 kwa tani, na ushuru wa 40% juu yake. Septemba wakaondoa lile sharti la bei na kushusha ushuru ukawa 20%. Mpaka Aprili 2025 ndipo wakaufuta. Katika muda wote huo wanunuzi wa Ghuba walishazoea Pakistan na Misri, na wengine hawajarudi.

Kwa hiyo mfano wa India unamsaidia mlaji. Mkulima wa Kimana usimpe mfano huo.

BintiKongowea

Ahsante mzee wangu, umenipunguzia maneno.

Ndugu wa Marikiti, nakujibu kwa lililobaki. Miezi unayotaka mpaka ufungwe ni miezi ambayo kitunguu kavu cha kwetu hakipo sokoni, kipo kibichi. Ukifunga, mimi nitanunua hicho kibichi kwa bei ya juu, kitaoza mikononi mwangu na kwa mama mboga, na yule anayenunua kitunguu kimoja cha mboga ya jioni atailipa hasara yote. Mkulima atapata fedha msimu mmoja, na hatakuwa na sababu ya kuanika. Ukifungua mvua ikianza, cha Tanzania kitaingia kikavu kile kile, wakati ambao mkulima wetu angeuza vizuri kama angekuwa nacho. Umemfungia mlango siku asiyokuwa na cha kuuza na kumfungulia siku ambayo angekuwa nacho.

Ninachotaka serikali ifanye nakijua: mizani shambani pande zote mbili, na ghala la upepo Kimana ambalo mkulima anaweka magunia yake akapewa sehemu ya fedha siku hiyo, kisha kinauzwa baadaye. Nafaka wamefanyiwa hivyo kwa stakabadhi za ghala. Kitunguu kinataka ghala la aina yake, kuta za waya na sakafu iliyoinuliwa, lakini hakihitaji umeme wala barafu.

Lakini hilo likija litakuja kwa mwendo wake. Kaka wa Kimana, mimi na wewe tunaweza kuanza bila hilo. Msimu ujao utavuna magunia mangapi?

Mkulima_Kimana

Mvua zikiwa za kawaida, kama 90.

BintiKongowea

80 mpe dalali kama kawaida, ulipe deni na karo. 10 niachie. Funga maji wiki mbili kabla, usiweke mbolea baada ya kitunguu kuanza kujaa kama alivyosema ndugu wa Mang'ola, subiri majani zaidi ya nusu yalale. Usikate majani siku ya kung'oa. Tandaza juu ya vichanja vya fito, kivulini, upepo upite chini. Ukikata, acha shingo ya vidole viwili. Nitakutumia neti zangu, usitumie magunia ya sandarusi.

Nusu ya fedha kwa bei ya siku hiyo nitakutumia kwa simu siku utakayopima mbele ya mtu tunayemwamini sote. Iliyobaki utapata nikiuza, kwa bei nitakayouza, nikitoa nauli na hamali. Bei ikianguka tunaanguka wote.

Mkulima_Kimana

Na zikioza?

BintiKongowea

Zikioza kwako kabla hujapima, ni zako. Zikioza mezani kwangu, ni zangu. Nitazifungua mwenyewe usiku, nitatia mkono, na nitakwambia kilo ngapi.

Mkulima_Kimana

Sawa dada. Fito ninazo, za boma la mbuzi lililovunjika. Nitumie neti 12, mbili za kubadilisha.

Eyasi_Bondeni

Vichanja viinue usawa wa goti, ndugu yangu. Vikiwa chini ya hapo panya wanapanda na unyevu wa usiku unashika vya chini. Na kila baada ya siku tatu pita uondoe kilicholainika, usisubiri kinuke.